Aliyeanza Kutazama Pembeni

Mzee tuliyemzika Ibadakuli wiki mbili zilizopita alimwona mdogo wake akipigwa risasi ya kifua mara nyingi kuliko anavyoweza mtu kukumbuka, na kila mara, baada ya kitambo kidogo, alimwona akiinuka. Mambo hayo yalitokea sebuleni kwake, mchana, kwenye televisheni ndogo iliyokuwa ikifunikwa kitambaa cha kufuma isipotumika. Mara tatu au nne nilikuwapo mwenyewe, nimekaa kwenye kochi lake la mbao, pazia limeshushwa, vumbi la Shinyanga likielea ndani ya mwali mmoja wa jua uliopenya ukutani. Nimelianza jambo hili mwishoni kwa makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyolikumbuka siku niliposikia kwamba amefariki. Sasa nirudi nyuma, nilieleze kwa utaratibu.

Habari za kifo nilizipata redioni, kwenye matangazo ya vifo, nikiwa nakula. Tangazo lilikuwa kama mengine: jina la marehemu, mahali, saa ya mazishi, kisha wale wanaopaswa kufikiwa na habari. Mwana aliye Mwanza. Binti aliye Kahama. Shemeji aliye Maganzo. Mwisho likamtaja mdogo wa marehemu, na pale ambapo wenzake walitajiwa mji, yeye akatajiwa maneno mawili: popote alipo. Nilidhani mtangazaji amesita kidogo kabla ya kuyasema. Huenda hakusita. Niliweka kijiko chini, na kesho yake asubuhi nikapanda basi.

Nilimfahamu katikati ya miaka ya themanini, gazeti liliponipeleka Shinyanga kuandika habari za pamba, za ng'ombe na za wachimbaji. Wakati huo bara hatukuwa na kituo cha televisheni. Mtu aliyenunua televisheni alinunua dirisha lisilo na uwanja mbele yake, mpaka atafute deki na kanda. Kanda zilipatikana kwenye duka moja karibu na soko. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mpole ambaye babu yake alitoka Pangani akapitia Tabora. Mbele aliuza vitambaa na taa za chemli, na nyuma ya pazia alikuwa na rafu ya kanda za kukodisha, nakala zilizonakiliwa kutoka kwenye nakala, rangi zimehama hata damu ilikuwa ya machungwa na nyasi zilikuwa za buluu. Watu waliziangalia hivyohivyo. Sasa nikizikumbuka siku zile, naona kama mji wote ulikuwa na rangi hizo.

Kila Jumamosi kabla ya adhuhuri mzee alirudisha kanda mbili, daima moja ya kutisha na moja ya mapigano, kisha akasimama kwenye kaunta kutoa maoni yake. Hakuna aliyemwomba mwanzoni. Baadaye watu walikuja mapema ili wamsikie, na wengi hawakukodi kitu mpaka yeye aseme. Nakumbuka Jumamosi ya kwanza niliyomsikia. Mwenye duka alipokea kanda, akaipangusa kwa kiganja.

"Shikamoo mzee wangu. Hii ya mizimu umeionaje?"

"Marahaba. Imetengenezwa vizuri, ila kosa ni la wafiwa."

"Wafiwa wamefanya nini tena?"

"Wamezika saa nne. Saa sita wako mezani wanakula kuku, na mjane amevaa hereni. Hakuna aliyelala msibani hata siku moja. Mimi ningekuwa maiti yule ningerudi jioni ileile, nisingengoja radi."

Muuguzi mmoja wa hospitali, mteja wa kila wiki, akamuuliza kwa utani, "Na ungerudi ungemtisha nani, babu?"

"Ningeanza na anayekula kuku," akasema, hakucheka. "Wewe mwanangu unapenda paja, jihadhari."

Kisha akaigeukia ile ya mapigano. Alisema yeye hakumtazama sana shujaa. Alimtazama mlinzi wa getini. "Alikuwa na kikombe cha chai, kinatoa moshi. Jamaa akaruka ukuta, akamvunja shingo. Chai ikabaki juu ya jiwe. Tangu hapo hadithi sikuifuata tena. Nilikuwa nangoja mtu aje aulize, nani alikuwa anakunywa chai hii."

"Akaja?"

"Hakuja. Picha imeisha watu wanabusiana."

Wiki iliyofuata aliyeikodi kanda ile alirudi akasema, "Nimeiona ile chai." Baada ya mwezi nusu ya mji ilikuwa imeiona. Na siku moja mzee akanishika mkono, akanipeleka kwake nimsomee majina ya Kiingereza yanayopanda mwishoni mwa picha. Nikamsomea mpaka koo likakauka. Mpishi alitajwa. Aliyefunza mbwa alitajwa, na mbwa mwenyewe alitajwa. Akauliza, "Na huyu wetu wa chai?" Nikatafuta. Hakuwa na jina ndani ya picha. Aliandikwa Mlinzi wa Kwanza. Mzee akafikiri. "Basi afadhali," akasema, "amepata cheo."

Niliwahi kumuuliza alijifunza wapi kutazama namna ile. Akanijibu kwamba alijifunza kazini. Miaka mingi alikuwa mchambuzi wa changarawe mgodini Mwadui. Walikaa mezani, taa kali juu yao, sinia la changarawe mbele ya kila mmoja, na kazi ilikuwa kutafuta almasi kwa macho na kibano. Mgeni wa kazi, alisema, macho yake hukimbilia katikati, palipo na rundo, kwa kuwa ndipo panapoita. Yeye alifundishwa kuanzia ukingo wa sinia, azunguke polepole kama anayefagia ua, na katikati apafikie mwisho. "Katikati kila mtu anapaona," aliniambia. "Pembeni ndipo unapolipwa mshahara." Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua televisheni na deki. Shemeji zake walimsema sana. Ng'ombe huzaa, walimwambia, na hilo sanduku litazaa nini? Aliwajibu kwamba yeye amewatazama ng'ombe tangu utotoni na anajua wanavyoishia.

Sasa nimtaje huyo mdogo wake. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu Geita, kwenye mgodi uliofungwa miaka ya sitini. Ulipofungwa, yeye na wenzake wachache walielekea kusini kutafuta migodi mingine. Barua ya kwanza ilitoka kwenye miji ya shaba. Ya pili haikuwa na anwani. Ya tatu haikuja, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka ipatayo ishirini. Ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Wazee walikubaliana kwamba pamba ikishavunwa watakaa matanga ya mtu asiyeonekana, watanyoa nywele, na habari zake zifungwe. Aliyekataa alikuwa mama yao mzazi, bibi kizee aliyeishi kijijini, mwendo wa nusu siku kutoka Maganzo. Alisema neno moja ambalo mzee alinirudia mara kadhaa: "Sinyoi nywele kwa sababu ya ukimya."

Ndipo ikaja Jumamosi ambayo mzee aliirudisha kanda moja tu, na hakutoa maoni. Watu walingoja. Mwenye duka akauliza ya pili iko wapi, naye akaomba aendelee kukaa nayo. Tulipotoka nje akaniambia, "Wewe kazi yako ni kuuliza watu. Njoo utazame, kisha uniulize."

Ilikuwa picha ya askari wa kukodiwa, imepigwa mahali fulani kusini mwa bara hili, udongo mwekundu, mgodi, helikopta. Askari shujaa, Mzungu aliyekata mikono ya shati, anafyatua risasi katikati ya kioo. Pembeni, upande wa kushoto, wachimbaji wanakimbia, na mmoja mwenye kofia ya njano anapanda ngazi ya chuma ubavuni mwa tangi. Anapigwa. Anaanguka vumbini. Tangu atokee mpaka aanguke, ukihesabu polepole unafika nne. Mzee alinionyesha aliyoyaona, kwa mpangilio, kama shahidi: anapanda kwa mguu wa kushoto kwanza, anaruka kidato kimoja, na kabla ya kuanguka anashika kisogo. "Tangu mtoto, akiogopa anashika kisogo," alisema. Sura yenyewe ilikuwa kama jani la mnanaa ndani ya chai, unajua ni jani, huwezi kusema zaidi. Mimi niliona mtu mzima mwembamba mwenye kofia ya njano. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Hujakua naye."

Akamwita mama yake. Bibi alifika kwa basi siku ya Jumatano, amevaa khanga mbili na viatu alivyoazima. Mwenye duka naye alikuja kwa sababu deki ilikuwa ikisumbua, na alijua kuituliza. Tulikuwa wanne. Bibi alikataa kochi, akakaa kwenye kigoda karibu na kioo. Hakuwa amewahi kuona picha inayotembea.

"Mayu," mzee alimwambia mama yake, "tazama pembeni, mkono huu wa kushoto. Usimtazame Mzungu."

"Mzungu ana nini cha kutazama," akasema bibi.

Yule mwenye kofia akatokea, akapanda, akaruka kidato. Bibi alivuta pumzi, akanyoosha mkono akagusa kioo. Kisha mlio, mkono kisogoni, vumbi. Picha ikahamia kwa shujaa. Bibi akachukua khanga ya juu, akajifunika kichwa, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa msiba, akijitikisa mbele na nyuma.

Sijawahi kumwona mtu akishtuka kama mzee alivyoshtuka. Alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi kiasi kwamba risasi ilikuwa imemtoka akilini. Yeye aliona ngazi, mguu, kisogo. Hakukumbuka kwamba mama aliyetoka kijijini ataona kifo. Alipiga magoti mbele yake. "Mayu, hajafa. Ni mchezo. Wanalipwa ili waanguke."

Bibi hakufunua kichwa. "Umeniita nije nimwone mwanangu akipigwa risasi," alisema kutoka ndani ya khanga, "halafu unasema mchezo. Kama ni mchezo, mbona haamki?"

Na kweli hakuamka. Picha ilikuwa imekwenda zake na yule Mzungu, na hakuna aliyerudi kumtazama. Mwenye duka ndiye aliyeinama mbele ya deki akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, picha ikionekana. Kioo kikajaa mistari. Helikopta ikarudi kinyumenyume ilikotoka. Vumbi likakusanyika likatua chini, na kutoka ndani yake mtu mwenye kofia ya njano akainuka kama aliyevutwa na kamba, akapaa hadi kwenye ngazi, akaondoa mkono kisogoni, akashuka kidato kwa kidato mpaka ardhini, akawa amesimama na wenzake. Mwenye duka akaisimamisha picha hapo. Mzee akamgusa mama yake bega. Bibi akafunua kichwa, akatazama muda mrefu mtu yule aliyesimama akitetemeka katikati ya mistari.

"Haya," akasema. "Basi kaamka."

Akamgeukia mwenye duka. "Wabeja, baba," akamshukuru kwa Kisukuma, akaomba maji ya kunywa. Kesho yake alirudi kijijini akawaambia wazee wa ukoo kwamba hakuna matanga, mwanawe yuko kusini, ameanguka na ameinuka, ameona kwa macho yake. Nani angebishana naye? Pamba ikavunwa, nywele hazikunyolewa. Aliishi miaka miwili zaidi, na wanaosema wanasema aliishi kwa furaha, akimwekea mwanawe kigoda chake mahali palepale.

Mzee ndiye aliyebaki na kazi. Jioni moja tukitembea kando ya kiwanja cha ndege, nyasi zimekauka na anga limekuwa la rangi ile ya kanda zetu, alinieleza jambo ambalo sikulitarajia. "Siku mama alipoamini," alisema, "ndiyo siku nilipoanza kushuku. Nilikuwa na uhakika mpaka nikamwona na yeye ana uhakika. Sasa sijui nilimpa habari au nilimpa picha tu." Akaniuliza mimi niseme, mwandishi. Nilijaribu kutafuta. Mwisho wa kanda ile, mahali pa majina, palikuwa pamekatwa. Aliyeinakili aliishiwa na subira, akaanzisha hapohapo picha nyingine ya wacheza ngumi. Juu ya kasha palikuwa na jina lililoandikwa kwa kalamu, na hata hilo halikuwa jina la kweli la picha. Mwenye duka alimwandikia aliyemletea, aliyemletea akasema alipewa na baharia. Mimi niliandika barua mbili nje ya nchi, hazikujibiwa.

Kwa hiyo mzee akarudi kwenye sinia lake. Alitazama ukingo tena na tena, akiisimamisha picha pale mtu anapogeuza uso kabla ya kushika ngazi. Mwenye duka alimwonya: "Mzee wangu, usiisimamishe hivyo. Ukiisimamisha, kichwa cha deki kinazunguka mahali pamoja, kinaila kanda." Mzee aliitikia, akaenda nyumbani, akaisimamisha. Kila alipoutafuta uso ule aliufuta kidogo. Kwanza kofia ilipoteza njano yake, kisha mdomo ukaenda, kisha macho. Alijua. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba amebakiwa na bega na kisogo. Mwishowe mwenye duka alimwachia kanda moja kwa moja. Hakuna mwingine ambaye angeikodi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kumfanya marehemu mwalimu wakati hakuniomba nimfuate. Lakini huyu alinifundisha kazi, na ni haki niseme. Mwaka ule shimo la wachimbaji wadogo lilititia upande wa Geita. Nilikwenda, nikaandika habari fupi safi, mkuu wangu akaisifu. Niliandika kwamba wachimbaji wanne wamefariki. Jumamosi mzee alikuja dukani na gazeti limekunjwa kwapani, akalifungua kwenye kaunta, akaweka kidole juu ya neno wanne.

"Mwanangu," alisema, "hawa walikuwa wanakunywa chai gani?"

Watu walicheka, kisha hawakucheka. Jumatatu nilipanda lori la pamba, nikavuka ziwa kwa kivuko, nikarudi kwenye shimo lile. Nilipata majina matatu. Wa nne wenzake walimjua kwa jina la utani tu, na kwamba alitoka mbali, na kwamba alipenda kuimba akipanda. Nililiandika hilo pia. Tangu siku ile, kila ninapoona kwenye karatasi yangu maneno kama watu kadhaa, wananchi, vibarua, naona moshi wa chai. Nchi yetu hii, hasa upande ule wa madini, imejengwa na watu waliokimbia pembeni mwa picha huku sisi tukiambiwa tumtazame aliye katikati. Wametoka Geita kwenda kusini, wametoka kusini kwenda tusikokujua. Asiyeanza na ukingo hatawapata, na hata anayeanza huko hana ahadi ya kuwapata. Mzee alijua yote mawili, na bado alikaa mbele ya kioo. Somo lake nimelichukua hivyo lilivyo: tazama pembeni, na usidhani kutazama kunatosha.

Mazishi yalikuwa na watu wengi. Mwenye duka alikuwapo, ndevu zimekuwa nyeupe. Muuguzi alikuwapo, akanong'ona kwamba leo hakuna atakayekula paja, akalia. Tulikaa msibani siku zote zinazotakiwa. Hakuna aliyetaka kumpa mzee sababu ya kurudi. Siku ya pili bintiye aliniruhusu niweke ile kanda. Wachimbaji wanakimbia, Mzungu anafyatua, na kushoto, penye ngazi, kuna ukungu mweupe unaopanda, unaruka kidogo, unaanguka. Niliirudisha nyuma. Ukungu ukainuka.

Siku ya kunyoa nywele shemeji wa Maganzo alileta nyembe mpya, kila ndugu wa karibu na wake, kama wanavyofanya siku hizi. Alizigawa kwa kufuata majina ya tangazo la redioni: mwana, binti, wengine. Zilipokwisha kugawiwa, mmoja ulibaki mkononi mwake, wa yule wa popote alipo. Alitaka kuurudisha mfukoni, binti wa marehemu akamzuia, akauchukua, akauweka juu ya televisheni, chini ya kile kitambaa cha kufuma. Juzi nimemwandikia binti kumuuliza habari za baba yake mdogo. Amejibu kwamba hakuna aliyefika wala aliyeandika, na kwamba wembe uko palepale, haujatolewa kwenye karatasi yake.